Hesabu za Mpemba

Katika maneno yanayowakata vijana wetu miguu, ni machache yaliyo mepesi mdomoni na mazito rohoni kama hili: "Hesabu zimenishinda." Mtoto hulisema akiwa darasa la tano, mzazi hulikubali, mwalimu hulitia muhuri, na mwisho wake hugeuka kama jina la ukoo: "Sisi nyumba yetu hatuna hesabu." Basi ndugu msomaji, leo nataka tulitazame neno hilo kwa njia ya tarikh, tuone wapi lina haki na wapi ni dhulma.

Mara ya mwisho nililisikia mwaka jana, hapa hapa Magomeni, barazani pa msikiti baada ya sala ya Alasiri. Kijana mmoja niliyemsomesha juzuu alipokuwa mdogo alinijia, akanipa mkono, akaketi kimya. Mama yake ni mjane, huuza barafu za ubuyu na ukwaju, na friji lake moja ndilo lililomlipia kijana huyu ada zote. Sasa kijana amepata nafasi ya kusomea ufundi wa umeme, na mwaka wa kwanza sharti asome fizikia. Lakini kule alikosoma sekondari mwalimu wa hisabati alikuwa hakai. Akiondoka mmoja, humaliza muhula hajaja wa pili. Kijana alipasi kwa kukariri.

"Maalim," akaniambia, "fizikia naipenda. Lakini kila nikifungua kitabu nakuta hesabu imekaa mlangoni. Mwalimu anaandika ubaoni, wenzangu wanatikisa vichwa, mimi naona vidudu tu. Nataka niache, nikatafute kazi ya duka Kariakoo. Mama bado sijamwambia."

Mimi si mtu wa fizikia. Chuo nilichokaa mimi ni cha Kurani, na hesabu niliyoijua ni ya mirathi na ya kutafuta nyakati za sala. Lakini nilimwuliza swali moja: "Mama yako akitaka barafu zigande upesi, hutia frijini maji ya moto au ya baridi?"

Akacheka. "Ya baridi, Maalim. Ya moto yatachelewa, tena yataharibu friji."

"Vema," nikamwambia. "Keti nikusimulie kisa cha Mpemba."

Na wewe msomaji, usidhani nasema juu ya mtu wa kisiwa cha Pemba. Mpemba hapa ni jina la mtu wa bara, Erasto Mpemba, aliyezaliwa mwaka 1950. Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa bado changa katika uhuru wake, yeye alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba. Wanafunzi wa shule ile walikuwa na mchezo wa kutengeneza aiskrimu. Walinunua maziwa kwa kina mama wa kijijini, wakayachemsha, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayatia katika friji la shule. Nafasi zilikuwa chache na watengenezaji wengi, kwa hiyo kila mtu alikuwa akiwahi.

Siku moja Mpemba alikuwa anachemsha maziwa yake. Mwenzake alipomwona, akaona akichelewa atakosa nafasi, basi akachanganya sukari katika maziwa mabichi bila ya kuyachemsha, akakimbilia frijini. Mpemba naye akaona akingoja maziwa yapoe, nafasi ya mwisho itakwenda. Akajitosa, akayatia yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu wakarudi wote wawili kutazama. Maziwa ya Mpemba yaliyoingia ya moto yalikuwa yamekwisha ganda. Ya mwenzake yalikuwa mazito tu, hayajaganda.

Akaenda kumwuliza mwalimu wake wa fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Kijana akanyamaza. Lakini baadaye, akiwa likizoni Tanga mjini, alimkuta rafiki yake mfanya biashara ya aiskrimu, naye akamwambia kwamba yeye hutia mchanganyiko wa moto makusudi ili ugande upesi. Muuza aiskrimu alikuwa akiishi kwa jambo ambalo darasani limeambiwa haliwezekani.

Mpemba akapasi, akaenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari. Huko wakasomeshwa kanuni ya Newton juu ya vitu vinavyopoa, naye akauliza tena swali lake lile. Safari hii mwalimu alimjibu kwamba hiyo si fizikia ya ulimwengu, ni fizikia ya Mpemba. Darasa likacheka. Na tangu siku ile, kijana akikosea kusoma jedwali la logi, mwalimu husema hizo ni hesabu za Mpemba. Wenzake nao wakalidaka neno, na kila alilokosea likaitwa la Mpemba.

Hapo kijana wangu akainua uso. "Hata yeye logi zilimsumbua?"

"Alikosea, kama wanavyokosea wanafunzi. Tofauti ni kwamba kosa lake walilipa jina lake."

Basi ikawa siku moja mkuu wa shule alimwalika mtaalamu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mwingereza aitwaye Denis Osborne, aje azungumze na wanafunzi juu ya fizikia na maendeleo ya taifa. Chuo kile nacho kilikuwa kichanga. Kilifungua milango mwaka 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, ambako mtu wa Magomeni hufika kwa miguu, na mwaka 1964 ndipo kilipohamia Mlimani. Mazungumzo yalipokwisha, Mpemba akasimama mbele ya shule nzima akauliza: ukichukua vyombo viwili vya maji, ujazo sawasawa, kimoja cha digrii 35 na kingine cha digrii 100, ukavitia katika friji, cha digrii 100 hutangulia kuganda. Kwa nini?

Wenzake wakaona ametia aibu shule. Osborne naye, kwa maelezo yake mwenyewe, alidhani kijana amekosea. Lakini hakucheka. Alimwuliza kama ni kweli amelifanya jambo hilo kwa mkono wake. Kijana akasema ndiyo. Osborne akakiri kwamba sababu haijui, na akaahidi kwamba akirudi Dar es Salaam atalijaribu.

Akarudi, akamwambia fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, ila watarudia mpaka wapate jibu lililo sawa! Tazama, ndugu yangu, jinsi mazoea yanavyomtawala mwanadamu. Jibu amelishika mkononi, naye angali analitafuta lile alilolizoea. Wakarudia, na jambo likajitokeza tena. Mwaka 1969 Osborne na Mpemba wakatoa makala pamoja katika jarida la Uingereza linalohusu ufundishaji wa fizikia, na jina la mwanafunzi likatangulia la mwalimu. Tangu hapo ulimwengu wa elimu hulitaja jambo hilo kwa jina la Mpemba. Neno la kejeli likawa jina la heshima. Na Mpemba mwenyewe hakuwa mwanafizikia: alikwenda kusoma katika chuo cha wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi, akafanya kazi katika idara hiyo.

Kijana akafurahi sana. "Basi Maalim, hesabu si lazima!"

Nikamwambia taratibu, mwanangu. Hapo ndipo wengi wanapokosea kukisoma kisa hiki. Mwalimu wa Mkwawa hakuwa mjinga, na kanuni ya Newton si uongo. Tuielewe kwanza, kisha tuhukumu.

Kanuni hiyo yasema kwamba kitu cha moto hupoa kwa kadiri kilivyouzidi joto hewa iliyokizunguka. Kikiizidi kwa mbali, hupoa haraka, na kikiikaribia hupoa polepole. Tuseme una kikombe cha chai cha digrii 90, na hewa ya chumba ni digrii 30. Tofauti ni 60. Tuseme baada ya dakika 10 tofauti imekuwa nusu, yaani 30. Basi chai sasa ni digrii 60. Dakika 10 nyingine, nusu ya nusu: tofauti 15, chai digrii 45. Nyingine tena, tofauti 7 na nusu, chai digrii 37 na nusu. Kila muda ulio sawa huondoa fungu lililo sawa la kilichobaki. Kijana akayafuata yote kwa vidole, bila ya kalamu. Nikamwuliza: "Ulichokifanya sasa hivi ni nini?" Akasema: "Nimegawa kwa mbili tu." Nikamwambia awaulize walimu wake, nao watamwambia kwamba hicho ndicho kilichomo ndani ya ule mlinganyo uliomtisha ubaoni, na logi ni chombo cha kutafutia muda pale ambapo mgawanyo hautoki sawasawa. Logi zile zile alizochekewa Mpemba ndizo zipimazo muda wa kupoa.

Sasa, kwa kanuni hiyo peke yake, maji ya digrii 100 yakipoa ni lazima yapite kwenye digrii 35 kabla hayajaganda, na wakati huo yale mengine yamekwisha tangulia mbele. Ndiyo maana mwalimu akasema haiwezekani. Lakini kanuni hiyo huchukulia kwamba maji ni yale yale na hakuna kilichobadilika ila joto. Na maji ya moto hubadilika. Mengine hutoka kama mvuke, yakapungua. Hewa iliyomo ndani yake hutoka. Maji huzunguka chomboni, ya juu yakashuka na ya chini yakapanda. Na chombo cha moto huweza kuyeyusha barafu nyembamba iliyo chini yake, kikagusana vizuri zaidi na baridi. Wataalamu wametaja sababu hizi na nyinginezo, na hawajakubaliana. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayeeleza vizuri sababu, wakapata majibu zaidi ya 20,000. Na mwaka 2016 watafiti wengine wakaandika kwamba wamepima kwa uangalifu na hawakuliona jambo hilo kabisa. Basi mjadala ungali wazi. Hata mama yake kijana akijaribu kwa friji lake, asishangae akiona leo hivi na kesho vile.

Na hilo lenyewe ni somo. Jicho la Mpemba lilifungua mlango, lakini atakayefunga mjadala atahitaji kupima na kuhesabu. Mwenye jicho bila ya hesabu huishia barazani, na mwenye hesabu bila ya jicho humwambia muuza aiskrimu kwamba kazi yake haiwezekani.

Tarikh inatupa ushahidi mwingine mkubwa kuliko huu. Mwaka 1791 alizaliwa Uingereza mtoto wa mhunzi, Michael Faraday. Nyumba yao ilikuwa ya dhiki, shule alipata kidogo, na akiwa na miaka 14 akatiwa kwa fundi wa kujalidi vitabu ajifunze kazi. Mchana alishona vitabu, na wakati wake mwenyewe akavisoma. Mwaka 1813 akapata kazi ya usaidizi katika maabara ya Royal Institution mjini London. Hisabati ya juu hakuijua mpaka kufa kwake mwaka 1867. Daftari zake zimejaa majaribio na michoro, wala hukuti milinganyo. Lakini mwaka 1831 ndiye aliyeonyesha kwamba sumaku ikisogezwa karibu na mviringo wa waya huzalisha umeme. Kwa jambo hilo hilo zinafanya kazi mashine za Kidatu, za Kihansi na za Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji. Taa iwakayo Magomeni usiku, na friji la mjane anayeuza barafu, vyote vina deni kwa mtu aliyekosa hisabati.

Je, aliishi bila ya kuihitaji? La. Faraday alisema kwamba sumaku na umeme vina mistari ya nguvu iliyoenea angani, na wasomi wengi wa hisabati hawakumjali, kwa kuwa hakuleta hesabu. Ndipo akaja kijana James Clerk Maxwell, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1831, bingwa wa hisabati. Yeye hakumcheka mzee. Alivisoma vitabu vya Faraday kwa adabu, akayatia mawazo yake katika lugha ya hesabu, na mwaka 1865 akatoa makala iliyoonyesha kwamba mwanga wenyewe ni mawimbi ya umeme na sumaku. Redio na simu zimetokana na hapo. Mwaka 1857 Faraday alimwandikia Maxwell barua, akamwomba kwamba wanahisabati wakifikia jibu lao, walieleze pia kwa maneno ya kawaida ili na watu kama yeye wanufaike. Hilo ni ombi la mtu mkubwa asiyeona haya kusema asilolijua.

Na sisi je? Wazee wetu wa Kiislamu hawakuvitenganisha vitu hivi viwili. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufanya kazi yake kubwa Cairo, aliandika kitabu chake cha elimu ya kuona kwa majaribio na kwa hesabu za jiometri pamoja. Na kabla yake, katika Baghdad ya karne ya tisa, al-Khwarizmi aliandika kitabu cha al-jabr, na jina la kitabu hicho ndilo lililozaa neno aljebra. Wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi. Aljebra inayowakimbiza vijana wetu darasani ililelewa katika nyumba moja na elimu ya faraidh tunayoisomesha msikitini.

Nikamwambia kijana: mtu amekufa, ameacha mke, mama, baba na mabinti wawili. Mke thumni, mama sudusi, baba sudusi, mabinti thuluthi mbili. Asili ya masuala ni 24. Akahesabu: 3, na 4, na 4, na 16. Akashtuka: "Zimekuwa 27, Maalim. Zimezidi!" Nikamwambia ndivyo. Hii ndiyo masuala ya mimbari, ambayo yasimuliwa kwamba Sayyidna Ali aliulizwa akiwa juu ya mimbari akaitolea jibu hapo hapo: mafungu yagawanywe kwa 27, na thumni ya mke iwe tusui, yaani moja ya tisa. Kijana akalifanya sawasawa. Mtu awezaye hayo hawezi kusema hana hesabu. Ana hesabu, ila kuna ngazi zilizorukwa.

Hapa ndugu msomaji yanipasa niseme jambo lisilonipa raha. Miaka mingi iliyopita, katika darasa langu la faraidh, palikuwa na mwanafunzi ambaye masuala kama hii alikuwa akikosea kila mara. Siku moja, mbele ya wenzake, nikamwambia kwamba kwa hesabu zake hizo atawadhulumu mayatima. Wakacheka. Nami nikacheka. Wiki ya pili hakuja, na hakurudi tena. Nimekutana naye mara moja tu sokoni Kariakoo, mtu mzima, akaniamkia kwa heshima, akapita. Sikuwa na ujasiri wa kumsimamisha. Ninapokisoma kisa cha Mpemba, wengine hujiona katika Mpemba. Mimi najiona katika yule mwalimu.

Ndiyo maana sikutaka kijana huyu wa pili aondoke barazani pangu na neno la kejeli, wala na neno la uongo la kumfurahisha. Nilimpa matatu. La kwanza, kila kanuni ya fizikia aiseme kwa Kiswahili chake mwenyewe kabla hajaigusa kwa herufi. Akishindwa kuisema, ajue hajaielewa, na hesabu haitamwokoa. La pili, arudi nyuma bila ya haya. Achukue kitabu cha kidato cha pili, aanze na sehemu, uwiano, aljebra na pembe tatu, kidogo kidogo kila siku, mpaka afikie ile hisabati ya kupima mabadiliko wanayoiita kalkulasi. Deni halifutwi kwa kulikimbia. La tatu, akiwa hajui, aulize kama Mpemba, hata darasa zima likicheka. Kisha nikamwambia aende akamwambie mama yake ukweli, kwani friji lile si la kufichwa habari.

Alikwenda. Mama yake, kama nilivyosikia baadaye, hakulia wala hakugomba. Alimwuliza tu kitabu hicho cha kidato cha pili ni bei gani. Mtihani wa kwanza kijana aliukosa, akaurudia, akapita kwa shida. Mwaka wa pili umeanza naye yumo. Sijui atafika wapi, na ilimu ya mwisho wa mambo iko kwa Mola wake. Najua tu kwamba hajaitwa jina na mtu.

Basi enyi wazazi, neno "sisi hatuna hesabu" litoeni majumbani mwenu. Na enyi walimu wenzangu, wa shule na wa madrasa, mtoto akileta swali linalopingana na mlilolisomesha, mwulizeni alilouliza Osborne: umelifanya kwa mkono wako? Akisema ndiyo, jaribuni pamoja naye. Akiwa amekosea, mtalisahihisha kosa na mtoto mtabaki naye. Mimi kosa la mwanafunzi wangu nililisahihisha, na mwanafunzi sikubaki naye.

Wallahu aalam.